Hatua ya Kwanza Ilikuwa Alhamisi

Ujumbe wa Daktari ulikuwa mfupi: "Jioni nitapita. Tuna maongezi."

Fundi aliusoma akiwa amesimama mlangoni, tepu shingoni, akausoma tena, halafu akacheka peke yake kama mwehu. Mwanamke akishapenda, hata neno "maongezi" huligeuza wimbo. Alifunika cherehani mapema, akafagia vipande vya vitambaa, akaoga, akajipaka yale mafuta ya kutokea, akavaa gauni la bluu ambalo Daktari aliwahi kulisifu. Nguo yake ya harusi ilikuwa ukutani, imefunikwa kwa shuka isipate vumbi. Ilibaki kukunjwa pindo tu.

Jumapili lingesomwa tangazo la tatu la ndoa yao. La kwanza liliposomwa kanisani, watu waligeuza shingo kumtafuta bibi harusi. La pili liliposomwa, mama yake Daktari alikohoa mpaka mchungaji akanyamaza kumsubiri amalize. Lilibaki hilo moja, na baada ya hapo Fundi angekuwa mke wa mtu.

Daktari mwenyewe hakuwa daktari, tuseme ukweli. Alikuwa mpima macho katika zahanati ya mtaa, ila koti jeupe ni koti jeupe, na watu wakishakupa jina utalipeleka wapi. Fundi alikwenda kwake akilalamika kwamba tundu la sindano limeanza kumkimbia. Akakalishwa kwenye kiti, taa ikazimwa, na mwanamume mwenye sauti ya chini akamsogezea uso karibu kabisa, kitochi mkononi.

"Tazama sikio langu," alimwambia. "Usinitazame mimi."

Fundi akamtazama yeye.

"Nimesema sikio."

"Nimesikia," alijibu, na akaendelea kumtazama. Alitoka pale na miwani, na tangu siku ile Daktari hakumwita tena Fundi kama watu wengine. Alimwita Mboni.

Sasa jioni hiyo hodi ikapigwa, na sauti haikuwa ya Daktari.

Aliyetangulia kuingia alikuwa Mzee wa Kanisa, mtu mrefu mwenye mikono mipana, ambaye siku za kazi alikuwa fundi bomba. Nyuma yake akaja Mama Mwenyekiti wa umoja wa wanawake, Biblia kwapani ndani ya mkoba wenye zipu. Daktari aliingia wa mwisho. Alikuwa anaangalia sakafu kana kwamba amedondosha kitu.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina," Fundi akaitikia.

"Habari za jioni, dada."

Dada. Ni neno zuri, hakuna anayelikataa, kanisani wote ni kaka na dada. Lakini mtu aliyezoea kukuita Mboni akikuita dada, jua kuna jambo.

Mama yake Fundi akatokea uani na sinia lenye vikombe viwili, maana naye alikuwa ameyaelewa maongezi kama binti yake alivyoyaelewa. Alipoona watu watatu, akasimama, akawahesabu kwa macho, akarudi ndani bila kusema. Aliporudi na vikombe vya kutosha, hakutoka tena. Alivuta kigoda akakaa pembeni ya mwanawe.

"Mama, tulikuwa na mazungumzo kidogo na binti," alisema Mama Mwenyekiti kwa ulaini.

"Zungumzeni," mama yake akasema. "Mimi nimekaa tu."

Mzee wa Kanisa akakohoa. "Binti yangu, sisi hatukuja kwa ubaya. Tumekuja kwa utaratibu. Unajua andiko letu linavyotaka ndugu wakikoseana. Aliyekosewa anamwendea mwenzake kwanza, wawili peke yao. Asiposikilizwa, anarudi na mtu mmoja au wawili wawe mashahidi. Ikishindikana hapo, jambo linapelekwa kanisani. Ndugu yetu ametuomba tuwe mashahidi wake."

Fundi alimtazama Daktari. Daktari alikuwa bado na sakafu yake.

"Nimemkosea nini?"

Mama Mwenyekiti ndiye aliyejitwika, na tusimsingizie kwamba ulikuwa mzigo mzito kwake. "Inasemekana, sijui kama ni kweli, inasemekana ulisema kwamba mama mkwe wako mtarajiwa akiomba, utadhani anamtuma Mungu dukani. Eti anatema mate chini, anamwambia yasikauke hujarudi."

Mzee wa Kanisa aliuma mdomo wa chini na kugeukia dirisha. Mabega yalimtikisika kidogo. Nani kati yetu hakutumwa dukani hivyo utotoni, ukakimbia roho mkononi ukiogopa yale mate?

Fundi yeye hakucheka. Alikuwa amelisema neno hilo, ndiyo. Alimwambia rafiki yake mmoja tu, wakiwa wanatoka kwenye maombi ya akina mama, na rafiki huyo mtaani wanamwita Kengele. Kosa la kwanza la Fundi lilikuwa ulimi wake, na la pili lilikuwa kusahau kwamba jina la mtu huwa na sababu.

Ila kulikuwa na jambo lililotangulia. Siku ile kwenye maombi, mama yake Daktari alisimama katikati ya wanawake wote, akanyanyua mikono, akalia: "Baba, mwanangu anapima macho ya watu, yake yamefumbwa. Mfumbue, Bwana, kabla hajaingia shimoni." Wanawake wote waliitikia amina, na nusu yao walifungua jicho moja kumwangalia shimo mwenyewe amekaa wapi. Maana kanisani mtu hakutukani. Anakuombea. Utamjibu nini, naye macho amefumba?

"Nilisema," Fundi alisema. "Ni kweli. Nilisema kwa hasira na kwa utani, vyote viwili."

"Ahaa," alisema Mama Mwenyekiti, akafungua zipu.

"Na yule aliyemsema mwanangu kwa Mungu mbele za watu," mama yake Fundi akauliza kutoka kwenye kigoda, taratibu, kama anayeuliza bei ya nyanya, "mashahidi wake wanakwenda lini?"

"Mama, ile ilikuwa sala."

"Na huu ulikuwa utani. Kila mtu na kipaji chake."

"Mama, niache," Fundi akasema, akamshika goti. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya gauni la bluu, akaivaa tena. Alijua la kufanya. Amelelewa kanisani. Alijua kwamba kosa la mwenzako halilifuti lako.

"Mzee, Mama Mwenyekiti. Nilikosea. Yule ni mama wa mtu ninayempenda, na hata angekuwa wa jirani tu, nisingemfanya kichekesho cha njiani. Iliniuma aliponiombea vile, sifichi, lakini hilo nitalisema kwake mwenyewe, si kwa Kengele. Kesho asubuhi nitakwenda kwake. Nitamwomba radhi uso kwa uso."

Halafu akamgeukia Daktari. "Na wewe unisamehe. Ni mama yako."

"Nimekusamehe," alisema Daktari. Ndiyo kwanza anyanyue macho.

Mama Mwenyekiti alikunjuka uso kwa furaha ya kweli. "Haleluya. Mnaona? Neno likifuatwa halikosi. Tumempata ndugu yetu. Mzee, tufunge kwa sala, chai isipoe." Chai yake ilikuwa imekwisha zamani, alikuwa ameanza kuangalia ya Mzee.

Na mambo yangeishia hapo. Jumapili tangazo lingesomwa, pindo lingekunjwa, tungekula harusi. Lakini Fundi alikuwa fundi, na fundi akiona mshono umepinda hata kwa ndani, mkono hautulii.

"Mzee, samahani," alisema. "Umesema mwenye kukosewa anakuja kwanza peke yake."

"Ndiyo."

"Hakuja."

Mzee wa Kanisa aliweka kikombe chini. "Daktari?"

"Nilikuja," alisema Daktari.

"Lini?" Fundi akauliza.

"Alhamisi."

Alhamisi.

Fundi alikuwa ameiweka Alhamisi ile mahali pake, kama mtu anavyoweka kanga ya thamani chini kabisa ya sanduku, na kila jioni alikuwa anaifungua kidogo. Alikuwa anabana kiuno cha nguo ya harusi, pini midomoni, hawezi kusema. Daktari akaingia bila hodi. Hakumsemesha. Akasimama mbele yake, akamtoa pini midomoni, moja baada ya nyingine, pole pole, kila moja akiichomeka kwenye kimto cha pini, mpaka midomo ikabaki mitupu. Akamwangalia. Akamuuliza, kwa ile sauti ya chumba chenye giza: "Kuna lolote unataka kuniambia?"

Na Fundi, mwili wote ukimsisimka, alimwambia: "Nakupenda."

Daktari alikuwa amenyamaza. Alimbusu kwenye paji la uso, akaondoka. Fundi alidhani amezidiwa na furaha.

"Alhamisi," alirudia sasa. "Uliponitoa pini."

"Ndiyo."

"Ile ndiyo ilikuwa hatua ya kwanza?"

"Nilikupa nafasi," Daktari alisema. "Nilikuuliza kama kuna lolote. Ukasema... ukasema lingine. Nikaona hutaki kuungama. Nikaenda kuomba siku kadhaa, halafu nikamtafuta Mzee."

"Lingine," Fundi akasema.

"Alisema nini?" Mama Mwenyekiti akauliza.

Mzee wa Kanisa alijikuna shavu kwa ile mikono yake mipana. Huyu mzee alikuwa ameshaamua magomvi mengi ya ndugu, mengine ya kuchekesha na mengine ya kutisha, na hakuwa mtu wa maneno mengi. "Daktari, nikuulize kitu, mwanangu. Andiko linataka umwendee mwenzako umwonyeshe kosa lake. Ulimwonyesha?"

"Nilimuuliza, Mzee."

"Kuuliza si kuonyesha. Mimi nikija kwako nimevimba jicho, huniulizi kama kuna lolote nataka kukuambia. Unaniambia, mzee, jicho limevimba. Huyu hakujua hata kama yuko mbele ya shauri." Akasimama, akaokota kofia. "Umetuleta kabla ya wakati. Sisi tunatoka nje. Anzeni upya, kama inavyotakiwa. Mama, twende. Na wewe mama mzazi, nakuomba."

Mama yake Fundi alinyanyuka na kigoda chake. Alipompita Daktari alisimama akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko angemtukana. Mlango ukarudishwa.

Wakabaki wawili, na ile nguo ndani ya shuka.

"Alhamisi nilikuwa Mboni," Fundi aliuliza, "au nilikuwa dada?"

"Usiseme hivyo."

"Nijibu. Zile pini ulikuwa unanitoa wewe, au alikuwa ananitoa mshitaki wangu?"

"Ni mimi. Ni mimi yule yule." Daktari alikaa kwenye kiti cha cherehani, akaficha uso. "Hujui nyumba niliyokulia. Baba na mama walikuwa hawasemezani ila kwa kelele. Sahani zinaruka, majirani wanachungulia. Mama alipookoka, kelele zikahamia kwenye sala, lakini ni zile zile, mimi nazijua. Nilijiapia nyumba yangu haitakuwa na ugomvi. Nikikosewa, nitafuata hatua. Hatua hazipigi kelele. Mimi sijui kugombana, Mboni. Najua hatua tu."

Fundi alitamani kumsogelea. Kila kitu ndani yake kilitaka kwenda pale kwenye kiti, kumkumbatia kichwa kifuani. Mikono yake ilikuwa imeshanyanyuka. Akaikunja.

"Basi ungeniambia hivyo," alisema. "Ungeingia hapa Alhamisi, ukaniambia, we mwanamke, kwa nini unamfanyia mama yangu mzaha? Ningeona aibu. Ningelia. Pengine ningekujibu vibaya, ungenijibu, halafu tungechoka tungekaa kitako. Huko ndiko kungekuwa wewe na mimi peke yetu. Wewe ulikuja peke yako, lakini moyoni ulikuja na hawa wawili."

"Niliogopa."

"Ungesema naogopa."

"Nimekosa," alisema Daktari. "Nisamehe."

"Nimekusamehe." Na alikuwa amemsamehe, hapo hapo, kwa urahisi uliomtisha mwenyewe. Hakumchukia hata kidogo. Angemchukia ingekuwa nafuu. "Nitamwambia nini mtu, kwamba uliniumiza? Hukunipiga, hukunitukana, hukuwa na mwanamke mwingine. Uliniuliza swali kwa upole. Neno nililokupa, nilikupa lote, hata sikubakiza la akiba. Na wewe ukalipokea kama jibu lisilo sahihi."

"Nilisikia ulivyosema. Nilisikia vizuri."

"Ulinijibu?"

Nje, Mama Mwenyekiti alisikika akimuuliza mama yake Fundi nguo ya harusi imeshonwa kwa mtindo gani, na mama yake Fundi akimjibu kwamba hajui, yeye hajui chochote siku hizi.

Ndipo Daktari akanyanyuka. Akaja mpaka mbele yake, karibu kama siku ile ya kitochi. Macho yake yalikuwa mekundu, yamejaa maji, na hayakukimbilia sakafu tena. Huyu alikuwa yeye, yule yule wa chumba chenye giza, na Fundi alijua kwamba anampenda mpaka kwenye mifupa. Akamshika viganja vyote viwili.

"Nianze upya," alisema. "Mboni wangu. Kuna lolote unataka kuniambia?"

Neno lilikuwepo. Lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye ulimi, lile lile la Alhamisi, zima, halijapungua kitu. Fundi alimtazama machoni. Alitafuta pale ndani, kama Daktari alivyokuwa akitafuta ndani ya macho ya watu kutwa nzima, ajue ni nani anayeuliza. Akaona mapenzi. Akaona na mtu anayesubiri kuona kama jibu litakuwa sahihi. Au pengine hakuwepo mtu huyo, pengine Fundi mwenyewe ndiye aliyemweka kwa woga. Hakuweza kujua. Akaelewa kwamba hataweza kujua tena, si leo, si wakiwa na watoto, si siku yoyote mume huyu atakapomgeukia kitandani na kumuuliza jambo kwa upole.

"Hii ni hatua ya ngapi?" aliuliza.

Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Na Daktari akafungua mdomo, akaufunga, kwa maana naye, maskini, hakuwa na hakika.

Viganja vikaachana vyenyewe. Machozi yakamshuka Fundi bila sauti, yakapita chini ya miwani, ile miwani aliyopimiwa naye. Hakuyafuta.

"Kesho nitakwenda kwa mama yako," alisema. "Hilo liko pale pale. Nimemkosea, nitamwomba radhi. Na nitamwambia kwamba mwanawe haoni vibaya. Anaona vizuri sana. Ila anaangalia ubao wa herufi za kupimia macho, si mtu."

"Mboni, nakuomba."

Mlango ukabishwa kidogo, na sauti ya Mama Mwenyekiti ikapenya, imejaa matumaini. "Wanangu, mmepatana?"

Fundi alimwangalia Daktari. Daktari aliinamisha kichwa, kisha polepole akakitikisa kukubali, kwa kuwa lilikuwa kweli. Hakuna aliyekuwa na kinyongo. Kosa lilionyeshwa, likaungamwa, likasamehewa, na huku nako vivyo hivyo. Hata malaika angepita pale na kipimo asingekuta kilichobaki.

Fundi alikwenda akafungua mlango. Wote watatu walikuwa wamesimama uani, Mzee wa Kanisa kofia kifuani.

"Tumepatana, Mama," Fundi alisema. "Tumesameheana kabisa, asante kwa kuja." Kisha akamgeukia Mzee. "Mwambie tu mchungaji, lile tangazo la tatu asilisome."